SAA YA KUJARIBU MTAMBO NI SAA YA KAZI



Mnapofika mkutanoni mnakuta kila kitu kiko tayari. Viti vimepangwa, vitambaa vimetundikwa, spika zimesimama pande mbili za jukwaa. Mwenyekiti anashika maikrofoni, anasema "Ndugu zangu," na sauti inafika hadi kwa mama aliyeketi mstari wa nyuma kabisa karibu na mlango. Hakuna anayejiuliza sauti hiyo imefikaje kule. Wala hatumlaumu mtu. Maji yakitoka bombani, nani humkumbuka aliyechimba mtaro?

Lakini sauti ikikatika, ukumbi mzima hugeuka nyuma kututazama. Hapo ndipo tunapoonekana.

Sisi ni mafundi na wasaidizi wa mitambo ya sauti. Baadhi yetu tunaishi katika mitaa ya Lilongwe. Wengine tunaishi kambi ya Dzaleka, wilaya ya Dowa, zaidi ya kilomita 40 kutoka mjini. Riziki yetu kubwa iko City Centre, kwenye kumbi za mikutano na hoteli, karibu na ofisi za Serikali. Dzaleka nayo ina majukwaa yake: makanisa, harusi, na tamasha la Tumaini lililoanzishwa mwaka 2014 na mshairi na mwanamuziki Trésor Nzengu Mpauni, anayejulikana zaidi kwa jina la Menes la Plume. Kwa hiyo msishangae kwamba kambini wapo vijana wanaoujua mtambo wa sauti kuliko wengi walioko mjini.

Leo tunataka kusema jambo moja tu, tena bayana. Saa ya kujaribu mtambo ni saa ya kazi. Ilipwe kama kazi, iheshimiwe kama kazi, na mfanyakazi aliyenyimwa saa hiyo asilipishwe hasara.

MTAMBO WENYEWE

Kwa wenzetu wasioujua mtambo huu, tuueleze kwa ufupi. Miksa ni meza ya kuchanganyia sauti. Kila maikrofoni, kila gitaa na kila kinanda kina njia yake ya kuingilia mezani, na fundi ndiye anayeamua nani aongezwe na nani apunguzwe. Miksa za zamani zilipokea sauti kama umeme uliopita katika waya wa shaba. Ukiwa na maikrofoni 32, ulihitaji njia 32 za waya kutoka jukwaani hadi nyuma ya ukumbi anakokaa fundi. Waya hizo zilifungwa pamoja zikawa mkia mmoja mnene kama mkono wa mtu mzima, na kuubeba ilikuwa kazi ya watu wanne.

Miksa ya dijitali hufanya kazi kwa njia nyingine. Sanduku dogo hukaa jukwaani na maikrofoni zote huchomekwa humo. Sanduku hilo huipima kila sauti mara 48,000 katika sekunde moja na kuigeuza kuwa tarakimu. Tarakimu hizo husafiri katika waya mmoja mwembamba, sawa na ule unaounganisha kompyuta za ofisini, mpaka kwenye meza ya fundi, ambayo nayo ni kompyuta iliyovaa sura ya miksa. Jambo lenyewe si geni sana. Kampuni ya Yamaha ya Japani ilitoa miksa ya dijitali iitwayo DMP7 mwaka 1987. Mfumo wa mtandao wa sauti unaotumika sana siku hizi, uitwao Dante, ni wa kampuni ya Audinate ya Australia, iliyoanzishwa mwaka 2006.

Faida zake ni kubwa, hatukatai. Waya mmoja umechukua nafasi ya mkia. Mpango wa mkutano wa jana huhifadhiwa na kurudishwa kwa kubonyeza kitufe. Fundi anaweza kuzunguka ukumbini na kompyuta ndogo mkononi, akarekebisha sauti akiwa ameketi pale pale anapoketi msikilizaji.

Lakini kila chombo na ila yake. Katika mkia wa shaba, waya mmoja ukikatika umepoteza maikrofoni moja. Katika mtandao, waya ule mmoja ukiyumba umezipoteza zote kwa mpigo. Umeme ukikatika na kurudi, miksa ya zamani ilisema papo hapo. Ya dijitali lazima iamke kwanza kama kompyuta yoyote. Sanduku la jukwaani nalo liamke, vyombo vitafutane, vikubaliane, na wakati wote huo ukumbi unangoja. Mtambo huu umepunguza kazi ya mabega na kuongeza kazi ya kuangalia. Nayo kazi ya kuangalia hufanywa kabla wageni hawajaingia, wakati hakuna anayetuona.

ASUBUHI MOJA CITY CENTRE

Tusimulie kisa kimoja kilichotupata. Ukumbi hatuutaji, wala aliyetuajiri hatumtaji, kwa sababu shabaha yetu ni utaratibu mbovu, na utaratibu huo uko mahali pengi.

Wajumbe wa wafanyakazi walikuwa wanakutana City Centre kwa siku mbili. Tulipaswa kuufunga mtambo jioni ya kuamkia mkutano, kuanzia saa 10 hadi saa 4 usiku. Ilipofika jioni hiyo tukakuta ukumbi una harusi. Tukaambiwa turudi alfajiri. Tulifika saa 11 alfajiri. Mwenzetu wa Dzaleka alikuwa amelala ndani ya gari la mitambo, maana saa hizo hana minibasi ya kumleta kutoka Dowa. Mlango ulifunguliwa saa 1 na nusu asubuhi. Mkutano ulikuwa uanze saa 3.

Katika muda huo wa saa moja na nusu tulisimamisha spika, tukavuta umeme, tukatandaza waya. Swichi yetu ya mtandao, yaani kile kisanduku kinachounganisha waya zote, ilikuwa imebaki ghalani, kwa kuwa mzigo ulipakiwa haraka haraka bila kukaguliwa. Msimamizi akatuletea swichi ya ofisi ya ukumbi. Mwenzetu wa Dzaleka, kijana aliyejifunza kazi hii katika kwaya ya kanisa kambini, akasema, "Kaka, hii ya ofisini tuiache iwake saa nzima kwanza tuione." Msimamizi akamjibu, "Wewe umekuja kubeba, hukuja kuona." Tukasema "moja, mbili, moja, mbili" kwenye maikrofoni mbili, sauti ikatoka, na wageni wakaanza kuingia.

Kijana alikuwa na haki. Swichi nyingi za ofisini zimetengenezwa zisinzie kila zinapoona kazi ni ndogo, ili kuokoa umeme. Kwa barua na hesabu za ofisini hilo halidhuru. Barua ikichelewa kidogo hakuna anayejua. Sauti haingoji. Vyombo vyote vya mtandao wa sauti hufuata saa moja, kama wapiga makasia wanavyofuata mwito mmoja. Swichi ikisinzia, saa hiyo inayumba, na sauti inapasuka au kukatika. Tena ubaya wenyewe hauji lazima dakika ya kwanza. Huweza kuja baada ya dakika 20, ukapotea, ukarudi. Ndugu wa viwandani mnalijua jambo hili: beringi mbovu hailii mashine inapowashwa, hulia ikishapata moto.

Saa 4 asubuhi alisimama mama mmoja mchuma chai kutoka kusini. Alikuwa anaeleza habari za mizani ya shambani na namna majani ya mchumaji yanavyopungua kati ya kikapu na daftari. Sauti ikapasuka, ikakatika. Ikarudi. Ikakatika tena. Mara ya tatu aliiweka maikrofoni mezani akaendelea kwa sauti yake mwenyewe. Mistari ya mbele walimsikia. Mistari ya nyuma hawakumsikia. Wakalimani nao hawakumsikia, maana masikioni mwao walikuwa wanategemea mtandao ule ule. Kwa hiyo mjumbe yeyote aliyehitaji tafsiri hakupata neno hata moja. Gari liliporudi na swichi yetu kutoka ghalani, dakika za mama zilikuwa zimekwisha na mwenyekiti alikuwa amekwisha kumwita msemaji mwingine.

Mama yule alikuwa amesafiri usiku kucha aje kusema maneno ya dakika 10.

Siku ya malipo, mteja alimkata mwenye mitambo sehemu ya fedha, na mwenye mitambo akatukata sisi. Kila mmoja wetu alipoteza nusu ya ujira wa siku. Mwenzetu wa Dzaleka hakupata kitu, hata nauli, kwa sababu jina lake halikuwamo katika karatasi. Naye ndiye peke yake aliyekuwa ameonya.

KWA NINI WA DZALEKA HUUMIA ZAIDI

Zamani Dzaleka ilikuwa gereza. Tangu mwaka 1994 ni kambi ya wakimbizi. Ilikusudiwa kwa watu 10,000 hadi 12,000. Leo wamo zaidi ya 50,000, waliotoka Kongo, Burundi, Rwanda, Somalia, Ethiopia na kwingineko. Kiswahili hiki mnachokisoma ndicho lugha ya soko lao.

Malawi ilijiunga na Mkataba wa Wakimbizi wa mwaka 1951 katika mwaka 1987, lakini iliweka masharti yake juu ya vifungu kadhaa, vikiwamo vya kazi ya mshahara na vya uhuru wa kwenda mkimbizi atakako. Machi 2023 Serikali iliagiza wakimbizi waliokuwa wakiishi mijini warudi Dzaleka, na Mei mwaka huo polisi walianza kuwaondoa. Tangu hapo fundi wa kambini anayehitajiwa City Centre kwa siku mbili anakuja akiwa na wasiwasi moyoni. Ana ujuzi, lakini hana mkataba. Akipunjwa hana pa kupeleka shauri lake, na anayempunja anajua.

Wapo wenzetu wa mjini wanaosema, "Hayo ni yao, sisi tuna matatizo yetu." Ndugu, huko ni kujidanganya. Mwajiri akiweza kumpata fundi wa kumlipa sahani ya nsima na nauli, kwa nini akulipe wewe ujira kamili? Ujira mdogo wa mwenzetu ndiyo fimbo ya kutupigia sisi sote. Leo anakatwa yeye mbele ya macho yetu, nasi tunanyamaza. Kesho fimbo ile ile iko mgongoni mwetu.

KUJARIBU KUNAKWENDAJE

Wengi hudhani kujaribu ni kule kusema "moja, mbili" tu. La hasha. Tutaeleza hatua zenyewe, mpate kuona zinakula muda gani.

Kwanza ni umeme. Hapa Malawi tunategemea volti 230, lakini jenereta iliyochoka hupanda na kushuka. Lazima kila soketi ipimwe kabla chombo hakijachomekwa, na waya wa ardhini uhakikishwe. Wote tunakumbuka Januari 2022, Kimbunga Ana kilipoharibu kituo cha Kapichira katika mto Shire na nchi ikapoteza kama megawati 130. Kwa hiyo miksa, sanduku la jukwaani na swichi ya mtandao vyote vitatu vikae kwenye betri ya akiba. Kimoja kikiachwa nje, kikizimika, viwili vilivyobaki havina kazi.

Pili ni waya. Waya wa mtandao wa shaba una mpaka wa mita 100. Ukiuzidisha, unaweza kufanya kazi asubuhi na kukataa mchana. Ukumbi ukiwa mkubwa zaidi, utumike waya wa nyuzi za kioo, au iwekwe swichi katikati. Waya upitishwe mahali wasipokanyaga watu, mbali na nyaya za taa. Na wa pili wa akiba upite njia nyingine, maana waya mbili zinazopita mlango mmoja hukanyagwa na kiatu kimoja.

Tatu ni saa ya mtandao. Chombo kimoja kiwe kiongozi, vingine vyote vifuate. Vyote vipime sauti kwa kasi moja, na kila kimoja kiwe na anwani yake isiyofanana na ya kingine.

Nne ni njia moja moja. Mmoja wetu anakuwa jukwaani, mwingine mezani. Wa jukwaani anagusa maikrofoni ya kwanza, wa mezani anaitikia akiiona. Wanakwenda hivyo hadi ya mwisho. Usidhani tundu la tano jukwaani lazima liwe njia ya tano mezani. Katika mtambo huu uhusiano umeandikwa ndani ya programu, na mtu wa jana anaweza kuwa amelipeleka kwenye njia ya 12. Hapo hapo huangaliwa maikrofoni zipi zinahitaji kupelekewa zile volti 48 na zipi hazihitaji.

Tano ni spika. Amplifaya huwashwa mwisho na huzimwa kwanza. Husikilizwa upande wa kushoto peke yake, kisha wa kulia, kisha spika za nyuma. Sauti hewani hukimbia kama mita 340 kwa sekunde. Spika iliyo mita 34 nyuma ya zile za mbele lazima icheleweshwe sehemu moja ya kumi ya sekunde, ama sivyo mtu wa nyuma atasikia kila neno mara mbili na asielewe hata moja.

Sita ni kuuacha mtambo uwake. Saa nzima, muziki ukipita, fundi akitazama kama kuna makosa yanayojitokeza. Hii ndiyo saa ambayo kijana wa Dzaleka aliiomba.

Saba ni kuharibu kwa makusudi. Tunachomoa waya mkuu tuone kama wa akiba utapokea. Tunazima umeme tuone kama betri itashika. Tunahesabu mtambo unachukua muda gani kuamka. Heri tuaibike sisi kwa sisi ukumbi ukiwa mtupu.

Nane ni kuhifadhi. Mpango wote unawekwa ndani ya miksa, nakala inawekwa kwenye flashi, na juu ya hayo yote inaandikwa karatasi: waya gani unakwenda wapi.

Kwa ukumbi wa kadiri, watu watatu wanaojua kazi huzimaliza hatua hizi kwa saa nne hivi. Siyo anasa. Hiyo ndiyo kazi yenyewe. Kupandisha na kushusha sauti wakati wa mkutano ni mavuno tu ya kile kilichopandwa.

NANI AMEZILA SAA ZILIZOOKOLEWA?

Enzi za mkia wa shaba tulikuwa watu sita au saba kwa ukumbi kama ule. Sasa tuko watatu. Mwenye mitambo amepunguza vibarua, amepunguza gari, amepunguza saa za kufunga. Je, mteja ametozwa pungufu? Hatukuona. Je, sisi watatu tumeongezwa? Hatukuona. Na juu ya yote, saa zile zilizookolewa na mashine zimekatwa kutoka kwenye kujaribu, kana kwamba kuokoa kwenyewe hakuna mwisho.

Mei 2023 huko Kericho, Kenya, mashine za kuchumia chai zilichomwa moto katika ghasia. Sisi hatusemi mashine zichomwe. Mashine haina kosa. Haikujinunua, wala haikumfukuza mtu. Lakini hasira ile ina chanzo, na chanzo chake ni hesabu ambayo upande mmoja unajumlisha na upande mwingine unatoa. Mashine ikiokoa saa 10, ni haki sehemu ya saa hizo irudi kwa mfanyakazi: kwa ujira, kwa mapumziko, na kwa muda wa kuifanya kazi vizuri.

Sheria ya Ajira ya Malawi ya mwaka 2000 imeweka saa 48 za kawaida kwa wiki, na saa ya ziada ilipwe angalau mara moja na nusu. Sasa tuulize: ile saa 11 alfajiri hadi saa 1 na nusu, tuliposimama nje ya mlango uliofungwa, ilikuwa saa ya nani? Hatukuwa tumelala. Hatukuwa na wake zetu na watoto wetu. Tulikuwa kazini, tukingoja kwa amri ya aliyetuita.

Lipo na suala la masikio. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa kipimo kwa kumbi za muziki: wastani usizidi desibeli 100 kwa dakika 15. Kwa mfanyakazi, ushauri unaojulikana ni desibeli 85 kwa saa 8, na kila zinapoongezeka 3 muda unaofaa hupungua nusu. Wenzetu wa viwanda vya nguo na vya kusaga wanalijua jambo hili kwa miili yao. Kikomo cha sauti huwekwa ndani ya miksa wakati wa kujaribu. Asiyejaribu hana kikomo, na anayekaa karibu na spika siku nzima ni sisi.

NA SISI TUJISAHIHISHE

Tusimnyooshee bosi kidole na kuficha vinne vinavyotuelekea. Wako mafundi miongoni mwetu wanaoficha neno la siri la miksa kama mganga anavyoficha dawa. Msaidizi akikaribia, fundi anafunika kioo. Anadhani kwa kufanya hivyo hatafukuzwa. Matokeo yake ni nini? Siku anayougua, ukumbi mzima unakuwa bubu. Na mwajiri anapotaka kutugawanya, anamwongezea huyo mmoja vijisenti na kuwakata wengine wote.

Jambo jingine. Asubuhi ile, kijana alipotukanwa, sisi wengine tulikuwa pale. Tulijua kwamba anasema kweli. Tulinyamaza kwa kuogopa kupoteza siku. Siku yenyewe tuliipoteza, na heshima juu yake. Laiti watu watatu wangesema kwa kauli moja, "Mtambo haujajaribiwa, na tunataka neno hilo liandikwe," msimamizi angefikiri mara mbili.

Ujuzi tuugawe. Anayejua saa ya mtandao amfundishe anayejua umeme. Wa City Centre aende Dzaleka siku ya mapumziko, akafundishe na kufundishwa. Karatasi ya mpango ibandikwe kwenye kifuniko cha sanduku, kila mtu aione.

TUNADAI

Kwa hiyo tunadai mambo haya matano, nasi tunakiomba chama kiyachukue kama madai yake.

Moja, kila mapatano ya kazi yaandike saa za kujaribu kando na saa za kufunga, na zote zilipwe, pamoja na saa za kungoja mlangoni.

Mbili, kuwe na karatasi ya majaribio yenye hatua zote, itiwe sahihi na fundi na msimamizi kabla ya wageni kuingia. Hatua iliyorukwa iandikwe imerukwa kwa amri ya nani.

Tatu, asikatwe ujira mfanyakazi kwa hasara iliyotokana na hatua aliyokatazwa kuifanya.

Nne, kila aliyeshika waya jina lake liandikwe, awe wa Lilongwe au wa Dzaleka, na wa kazi moja walipwe ujira mmoja. Chama kiendelee kusema na wakubwa juu ya ruhusa ya kufanya kazi kwa wale walioko kambini.

Tano, tupewe kinga za masikio, na tupewe muda wa kufundishana kila mtambo mpya unapoletwa.

Hakuna hata moja hapo linaloweza kumfilisi mtu. Saa nne za watu watatu ni ghali kidogo kuliko saa moja na nusu. Lakini ni rahisi sana kuliko mkutano ulioharibika.

KWENU WA MASHAMBANI NA VIWANDANI

Ndugu, msidhani haya ni ya watu wa muziki peke yao. Mizani ya chai na ya tumbaku ni mtambo. Kabla haujapimiwa jasho lako, una haki ya kuuona ukijaribiwa mbele yako kwa jiwe linalojulikana uzito wake. Mashine ya kiwandani iliyotoka kutengenezwa ni mtambo. Kabla hujaingiza mkono wako, una haki ya kuiona ikizunguka mtupu hadi ipate moto. Anayekuambia "hakuna muda wa kujaribu" anasema kwamba hasara ikitokea itakuwa yako.

Mama yule mchuma chai hatukupata kumwomba radhi. Tulikuwa tunakunja waya alipoondoka kuwahi basi. Tunaandika haya tukitumaini kwamba gazeti hili litamfikia kule shambani, na kwamba mwakani atatumwa tena. Tutakuwa tumefika jana yake. Swichi itakuwa yetu wenyewe, nayo itakuwa imewaka saa nzima. Atasema dakika zake 10 zote, na wa mstari wa nyuma watasikia habari ya mizani neno kwa neno.

Umoja ni nguvu.